Uso Si Sufuria

Mjukuu wangu, jana nilikuona uani umeinamia beseni, unausugua uso kwa sabuni ya kipande na dodoki kama unayesugua sufuria yenye masizi. Kisha ukaukamulia limau. Nilipokuuliza, ukanijibu, "Inachoma, bibi, ndiyo inafanya kazi."

Neno hilo nami niliwahi kuliamini. Nilikuwa na kikopo cha mkorogo, nakificha uvunguni. Wiki za mwanzo mtaa mzima ulinisifu. Baadaye nikifunua chungu, mvuke ulinichoma kama pilipili. Mashavu yaliiva, vishipa vikachomoza, na vifundo vya vidole vikabaki vyeusi vilevile. Watoto, hawana adabu ila hawasemi uongo, wakaniita Fanta na Koka.

Daktari wa ngozi ndiye aliyenieleza. Ngozi ya juu ni ukuta: seli zilizokufa ndizo matofali, mafuta yake ndiyo udongo unaoyashika. Sabuni kali na dodoki huung'oa ule udongo. Unyevu wa ndani unatoka, na kila kinachowasha kinapenya. Na mikorogo mingi huwa na haidrokwinoni, au zebaki, au steroidi kama klobetasoli, inayoikondesha ngozi. Ukiiacha, uso unawaka moto. Ukilirudia kopo, unatulia. Basi unadhani kopo ndilo dawa, kumbe ndilo lililokufunga.

Limau nalo, ukitoka nalo juani, laweza kukutoa malengelenge na kukuachia madoa meusi kuliko hayo unayoyakimbia. Waachie samaki. Hata liwa yangu na manjano usiviguse kwanza. Vya asili navyo huwasha kidonda.

Asubuhi nawa maji matupu, ya vuguvugu. Usiku, sabuni laini isiyo na manukato. Jikaushe kwa kubonyezabonyeza khanga, usifute. Uso ungali na unyevu, paka mafuta ya mgando, kiasi cha punje ya kunde tu. Ukiwa na chunusi, tafuta losheni nyepesi isiyonukia. Mchana jitande mtandio. Usiongeze kitu kingine, hata shoga yako akuapie. Ngozi huchukua kama wiki nne kujifanya upya, kwa hiyo usinijie siku ya tatu na kioo mkononi.

Uso ukivimba au ukitoa maji, tunakwenda hospitali, na kama una kikopo mahali, utakibeba daktari akione. Sitakugombeza, nami nilikuwa nacho.

Dodoki nimelichukua. Liko jikoni, kwenye sufuria.