Soko Lake Liko Wapi?

Samaki mkunje angali mbichi, husema watu wa pwani. Na udongo, huongeza, uuwahi ungali maji. Methali hizi mbili zimefanya kazi njema katika malezi ya watoto, lakini zimemdhulumu mtu mzima. Kwani anayezipokea bila ya kuzipima hana budi akubali kwamba aliyekwisha kuvuka ujana amekauka: atumike kama alivyo, asikunjwe tena. Na juu ya dhana hiyo imejengwa nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni kwamba mtu mzima akionekana anajifunza jambo, basi lazima pawe na sababu, na sababu hiyo iwe ni pesa.

Yafaa dhana hiyo ipimwe mbali na bahari, katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera. Ngara ni nchi ya vilima na migomba, ambako mto Ruvubu huungana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Burundi. Huko ipo kazi ya vikapu ambayo wenyeji wanaishiriki na jirani zao wa ng'ambo. Msukaji hushika fungu la nyasi, akalizungusha na kulishona, mviringo juu ya mviringo, mpaka chombo kikasimama. Msomaji aliyezoea ukili, unaosukwa kwanza ukawa utepe mrefu ndipo ushonwe mkeka, ataona kwamba njia ni nyingine lakini subira ni ileile.

Chukua basi watu wawili. Mjini Dar es Salaam, mtumishi wa benki analipa ada ili afundishwe gitaa, au kupamba keki, jioni baada ya kazi. Hapana anayemtaka atoe hoja. Wenzake humwambia kwamba amefanya vyema kujiburudisha, kwani kazi peke yake humchosha mtu. Huko Ngara, mama wa makamo anataka kufunzwa kikapu ambacho nyanya yake alikijua na yeye hakuwahi kukijifunza. Swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: soko lake liko wapi? Lisipopatikana jibu, darasa halina haki ya kuwapo. Tendo ni moja na watu ni wawili. Kwa mmoja laitwa burudani, kwa mwingine laitwa mradi. Ni nani aliyeamua kwamba mwenye mshahara ana nafsi inayohitaji kulishwa, na mwenye jembe ana tumbo tu?

Haitakuwa insafu kudai kwamba swali la soko liliulizwa kwa nia mbaya. Mwaka 1968, kwa msaada wa UNESCO, Tanzania ilianzisha mpango wa majaribio wa kisomo katika mikoa minne ya Ziwa, ukiwamo wa Ziwa Magharibi, ambao baadaye uliitwa Kagera. Uliitwa kisomo chenye manufaa. Mkulima wa migomba alijifunza herufi katika kitabu cha migomba, wa pamba katika kitabu cha pamba, mvuvi katika kitabu cha uvuvi. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwa takwimu za serikali, watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wapatao asilimia 67 mwaka 1967. Kufikia mwaka 1986 walikuwa asilimia 9.6. Ni kazi kubwa, wala haipunguzwi na neno lolote litakalosemwa hapa.

Lakini neno manufaa ndilo linalohitaji kutazamwa. Aliyefunzwa kusoma ili apande migomba kwa nafasi zinazofaa, je, alifanya kosa pale alipoutumia usomaji huo kwa barua ya mwanawe, au kwa shairi gazetini? Bila shaka hakuna atakayesema hivyo. Elimu humtoroka aliyeitoa. Humfuata aliyeipokea hadi mahali ambapo mtoaji hakupataja. Manufaa yaliyoandikwa katika mpango yalikuwa ya shambani, na yale ambayo hayakuandikwa huenda yakawa ndiyo yaliyodumu.

Mwalimu Julius Nyerere mwenyewe ni mfano wa jambo hili. Alipotetea elimu ya watu wazima mwaka 1964, hoja yake ilikuwa ya uchumi: kwamba watoto hawatakuwa na athari katika maendeleo ya nchi mpaka ipite miaka mitano, kumi, au hata ishirini, basi waanze wakubwa. Hata hivyo, mtu huyohuyo, akiwa na dola mabegani mwake, alikaa na Shakespeare akamfasiri. Mwaka 1969 ilitoka Mabepari wa Venisi. Lau angeulizwa soko la kazi ile liko wapi, angejibu nini? Na mwaka 1976, alipozungumza Dar es Salaam mbele ya wajumbe wa mkutano wa kimataifa wa elimu ya watu wazima, aliupanua msingi wa hoja yake: shabaha ya elimu hiyo, alieleza, ni ukombozi wa mtu. Mtu aliyekombolewa ni yule anayeweza kuchagua, na hakuna uchaguzi pale ambapo kila somo limekwisha kupangiwa bei.

Wazo hili lilipata majengo. Kuanzia mwaka 1975 vilifunguliwa Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, kwa msaada wa Sweden. Ngara ikapata chuo cha Remela, na Biharamulo chuo cha Rubondo. Asili ya vyuo vya namna hiyo ni fikra za Grundtvig wa Denmark, mchungaji na mshairi, ambaye katika karne ya 19 alitaka pawepo shule za watu wazima wa vijijini zisizo na mitihani, ambamo mkulima ataimba, atajadiliana na atajua historia ya nchi yake, kwa sababu naye ni mtu. Kadiri miaka ilivyopita, vyuo vya Tanzania vimeelekea zaidi kwenye ufundi na vyeti. Kijana anayetoka humo na useremala au ushonaji amepata jambo la maana. Ila ile nusu nyingine ya wazo, ya kujifunza bila kutahiniwa, imebaki kusubiri mlangoni.

Mpinzani atasema, na atasema kweli, kwamba njaa haisubiri. Mama wa Ngara huamka alfajiri, huteka maji, hulima, hupika. Saa moja ya kikapu kisichouzwa ni saa iliyotolewa katika usingizi wake. Hoja hii ni nzito, na anayeipuuza ameshiba. Lakini inathibitisha kwamba muda wa maskini ni adimu. Haithibitishi kwamba si wake. Kwa kuwa ni adimu, ndivyo inavyopasa zaidi aulizwe mwenyewe atautumiaje. Na huyo anayechagua kikapu huenda ana hesabu ambayo mfadhili hana. Kazi iliyofunzwa kwa ajili ya soko peke yake hufa siku mnunuzi atakapohama. Iliyofunzwa kwa kupendwa hubaki mkononi, na soko likirudi huikuta ipo.

Ngara yaelewa maana ya kubaki na kitu mkononi. Mwishoni mwa Aprili 1994, katika muda wa takriban siku moja, watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda. Walikuwamo wasio na hatia na walikuwamo wauaji, na ustadi wa mikono haukuwatenga hawa na wale. Kujua kusuka si kuwa mwema, wala isidaiwe hivyo. Lakini siku kama ile huonyesha tofauti ya mali na ujuzi. Kikapu hupotea njiani. Aliyejua kukisuka amevuka nacho.

Wasomaji wa visiwani hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Klabu ya Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa Unguja mwaka 1905, na kwa miaka mingi wanachama wake walikuwa watu wa kazi nyingine mchana, wakakutana usiku kujifunza ala na nyimbo, mzoefu akimwonyesha mgeni. Hawakuwa wanafunzi wa umri wa shule. Taarabu ambayo leo huvutia wageni na kuingiza fedha ilikaa miaka mingi mikononi mwa watu walioikusanyikia bila ya kungoja ujira.

Kwa hivyo haitoshi kumjibu mama yule kwamba soko litatafutwa. Jibu hilo, ingawa ni la ukarimu, bado linakubali kwamba bila ya soko hana haki. Jibu la haki ni lile analopewa mtumishi wa benki bila ya kuliomba: keti, hii hapa sindano, na nyasi ndizo hizi. Atakachokifanya na kikapu chake, akiuze, akitoe arusini, au akifumue aanze upya kwa sababu mviringo wa tatu umepinda, ni shauri lake.