Nywele ni Zangu, Sawa. Na Mama Je?

Nilipokaa kwa kinyozi pale Makutano, Meru, aliniuliza, "Dada, umefiwa?" Nikacheka. Yeye hakucheka, alishika mashine akingoja jibu.

Nimewahi kunyolewa kabla ya hapo, nikiingia kidato cha kwanza, kwa sababu shule ilitaka. Nililia. Safari hii nimelipa pesa zangu, nikabaki na nywele za nusu inchi, nikatoka nikitabasamu. Kichwa ni kile kile. Basi kilichoniuma siku ile haikuwa kunyolewa, ni kutoulizwa.

Lakini je, kuamua mwenyewe kunatosha? Muthoni wa Kirima, mpiganaji wa Mau Mau kutoka Nyeri, alifuga rasta zake miaka kama 70. Siku ya kuzikata ilipofika, Aprili 2022, alimwachia Mama Ngina Kenyatta azikate, watu wakishuhudia. Uamuzi ulikuwa wake, ila hakuutimiza peke yake.

Mama alinisuka kila Jumapili jioni, miaka na miaka. Nywele ni zangu. Zile Jumapili ni zetu wawili. Sikuhitaji ruhusa yake. Lakini aliponiona mlangoni aliuliza tu, "Na mbona hukuniambia?"

Hapo nilikosa jibu.