Kioo Cheusi Hakimshtaki Mtu

Wahubiri wa huku kwetu wameipenda dekoda. Zamani mifano yao ilikuwa shamba, mbegu na kondoo. Sasa mtu akisimama mimbarani, hata kama kanisa lenyewe ni la miti na maturubai, utamsikia akisema Mungu ni kituo kisichozimwa, anarusha usiku na mchana. Wewe ukiona giza, basi antena yako imepinda, na kilichoipinda ni dhambi. Watu wanaitikia amina. Mimi pia naitikia, maana sipendi kutazamwa, lakini nabaki na neno moyoni. Kazi inayolisha watoto wangu hapa Kibua, Kivu, ni hiyo hiyo ya antena. Mfano wao ni mzuri, ila wanauhubiri nusu.

Nusu iliyobaki iko juu ya bati. Hapa, kwenye barabara ya kutoka Masisi kwenda Walikale, mwenye televisheni ana paneli ya jua, batri, dekoda na parabole. Satelaiti zimepangwa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, zikizunguka sawasawa na dunia, kwa hiyo kwetu hazitoki mahali pake. Na kwa kuwa ikweta yenyewe haiko mbali na Kibua, parabole zetu nyingi zinainua uso juu sana, zikipokea mawimbi na mvua kwa pamoja. Mvua ya Walikale haina mchezo: mawimbi ya parabole ndogo, yale ya gigahezi 11 na 12, yanamezwa na maji angani kabla hayajatufikia.

Mara nyingi naitwa baada ya mtu kutafuta chaneli upya. Mtoto amecheza na telekomande, au papa mwenyewe amesikia kuna chaneli mpya ya mpira, akabonyeza. Dekoda nyingi zinafuta kwanza, ndipo zinatafuta. Orodha ya miaka inaondoka kwa kidole kimoja. Kisha mashine inapita kwenye masafa iliyowekewa kiwandani, ambayo mengine vituo vimeshayahama, na kurudi na robo ya zile zilizokuwapo. Mwenye nyumba anasema chaneli zimekufa.

Kioo hakijasema hivyo. Kimeandika kwa Kifaransa kwamba hakuna mawimbi, basi. Na maneno hayo hayo kinayaandika kwa mambo yasiyo na undugu wowote: mvua kubwa, mlingoti uliosukumwa na upepo au mbuzi aliyejikuna, kituo kilichohamia masafa mengine, kituo kilichofungwa na wenyewe, waya ulioliwa na panya. Sababu ni nyingi, giza ni moja. Fundi anayejua sababu kwa kutazama kioo tu ni mwongo, na mimi nimeshakutana na wa namna hiyo.

Mama mmoja mjane, muuza mawese sokoni, aliniita kwake. «Mwanangu fundi, nusu zimepotea.» Nikazipitia zilizobaki, nikaona zote ni za wima, za ulalo hazikuwapo hata moja. Hilo lina maana yake. Dekoda inapeleka umeme kwa waya mpaka kwenye kile kichwa kinachokaa mbele ya parabole: volti 13 ikitaka mawimbi ya wima, volti 18 ikitaka ya ulalo. Umeme ukipungua njiani, kichwa hakijui kwamba kimeombwa kigeuke. Nikapanda, nikafungua kiungio: maji yalikuwa yameingia, na shaba imefanya kutu ya kijani. Nikakata mwisho wa waya, nikamenya upya, nikakaza, nikazungushia mpira wa tairi la baiskeli.

Nilipokuwa bado juu, mama aliuliza kutoka chini: «Sasa hizo zilizopotea, ziko wapi?»

«Zinapita hapa hapa, mama, juu ya bati lako.»

«Na ile iliyofungwa kabisa, kioo chake kinafananaje?»

«Kinafanana vilevile.»

«Basi wewe unajuaje?»

Nikamwambia ukweli: kwa kioo chake peke yake siwezi kujua. Napanda, napima, nauliza kwa jirani, napiga simu Goma. Akanyamaza kidogo. Mwanawe alikimbia na wengine vita vilipofika, na mpaka siku ile alikuwa hajarudi wala hajapiga simu. Kisha akasema: «Huyo aliyeniambia kwamba maombi yangu hayafiki kwa sababu ya dhambi zangu, yeye alipima na nini?»

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike. Kipimo cha dekoda kina mistari miwili, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Wasiojua wanatazama ule wa nguvu. Lakini parabole inaweza kutazama anga tupu, na mstari wa nguvu ukapanda vizuri kabisa, kwa sababu kichwa chenyewe kina kelele zake na kinazikuza. Ubora ni sifuri, hakuna ujumbe. Wanaopima imani ya wenzao wanatazama mstari wa nguvu: nani amelia kwa sauti, nani amefunga siku nyingi, nani ametoa sadaka. Mstari wa pili hauonekani kutoka nje, na kwa mjane huyu hakuna aliyeupima. Walitazama msiba wake wakasoma hukumu.

Tena lipo giza ambalo si la mpokeaji wala si la mrushaji. Nchi nyingi zilikubaliana Geneva mwaka 2006 kuhamia dijitali, na tarehe ya kuzima analojia ikawa 17 Juni 2015. Dar es Salaam walizima mapema, usiku wa 31 Desemba 2012. Kenya wakaingia katika ugomvi: makampuni makubwa ya habari yalivutana na serikali kuhusu nani arushe matangazo yao na kwa dekoda za nani. Mitambo ya analojia ikazimwa Februari 2015, na NTV, KTN na Citizen vikatoweka hewani karibu wiki tatu. Televisheni za watu zilikuwa nzima. Antena zilikuwa nzima. Watangazaji walikuwapo. Kati ya watazamaji na watangazaji walisimama wanadamu wengine. Mtu wa Nairobi aliyepanda juu ya nyumba kugeuza antena siku zile alijichosha bure.

Sisi wa Kivu tunalijua giza la namna hiyo. Masisi-centre ilitekwa na waasi wa M23 tarehe 4 Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huo huo, Walikale-centre tarehe 19 Machi. Kwa mtu wa Kibua hiyo ni barabara ile ile, huku na huku. Familia zilitawanyika porini, simu zikaishiwa moto, anayemtafuta mtoto wake hakujua amuulize nani. Ukimya ule ulikuwa na wenyewe, watu wenye majina na bunduki. Kumwambia aliyeachwa ndani yake kwamba ajichunguze moyo ni kuwaondolea lawama wenye bunduki na kumtwika yeye.

Hapa najua nitaulizwa: na Mungu je? Vijana wanaokuja kuchaji simu kwangu hawana aibu ya kuuliza. Mmoja wao aliniweka kwenye kona. Alisema satelaiti haimjui yeye. Mhandisi aliyekaa Kinshasa hana habari kama batri yake imekufa, kwa hiyo kioo kikiwa cheusi mhandisi hajamkosea. Lakini Mungu mnayemhubiri, alisema, anajua hata hesabu ya nywele. Anajua antena imevunjwa na nani. Anaweza kuongeza nguvu ya kurusha mpaka hata redio iliyopasuka iseme. Kwa nini anangoja mimi nitengeneze?

Sina jibu la kumpa. Nasali asubuhi na jioni, na sina jibu. Ninachoona ni kwamba mfano wa dekoda, ambao wahubiri wanauleta kumtetea Mungu, unamfanya awe kama yule mhandisi: anarusha, hajali kama kuna anayeona. Anayesema «Mungu anarusha, mengine ni kazi yako» amemwondolea Mungu lawama kwa kumwondolea upendo. Mungu wa namna hiyo hafai kuombwa, hatuombi mnara. Lakini kijana naye, akitoka hapo akasema juu hakuna kitu, amefanya kama yule papa mwenye telekomande: amesoma kifo kwenye kioo kisichosema kifo. Mhubiri anasoma dhambi, kijana anasoma utupu, na wote wawili wanasoma maneno yale yale ya dekoda, ambayo hayasemi hili wala lile.

Chaneli zinarudije basi? Zipo dekoda zinazopekua masafa yote zenyewe. Njia ninayoipenda zaidi ni nyingine. Natafuta masafa ya sehemu moja tu iliyo hai, nayaandika kwa mkono: namba, wima au ulalo, na kasi ya kurusha. Ndani ya mawimbi ya hapo, pamoja na picha, hutumwa pia orodha ya masafa mengine ya mtandao ule ule. Ukimshika mmoja anakuonyesha ndugu zake. Ila ile namba ya kwanza, kwa mashine ambayo haiwezi kupekua, inatoka kwa mtu: jirani ambaye kwake picha iko, au fundi mwenzangu kwenye simu.

Ndiyo maana ninaisoma tena na tena sura ya tatu ya kitabu cha kwanza cha Samweli. Inaanza kwa kusema kwamba siku zile neno la Bwana lilikuwa adimu. Haisemi watu walikuwa na dhambi kuliko kawaida. Inasema lilikuwa adimu tu. Mtoto Samweli anaitwa usiku, anadhani ni mzee Eli, anamkimbilia mara tatu. Eli macho yake yamefifia, na sauti ile yeye haisikii. Lakini ndiye anayetambua ni nani anayeita, na anamfundisha mtoto namna ya kuitikia. Angeweza kusema mtoto anaota. Angeweza kusema, kama mimi kuhani sisikii, wewe utasikia nini? Hakusema. Alimpa mtoto alichokijua, na ujumbe uliokuja ulikuwa wa hukumu juu ya nyumba yake mwenyewe. Imani ya huku kwetu naiona imesimama juu ya watu kama Eli: bibi aliyefiwa na watoto anayemfundisha mjukuu kusali, mkatekista aliyepoteza nyumba anayekusanya watoto chini ya mti. Ukiwauliza kama wao wenyewe wanasikia kitu, wengine watakwambia hapana. Ile namba wanaipitisha vilevile.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wahubiri, wa parokia na wa makanisa ya Kiprotestanti pia, maana mfano huu wamegawana. Endeleeni na dekoda kama mnaitaka, lakini ihubirini nzima. Semeni kwamba giza lina sababu nyingi. Semeni kwamba nyingine ziko kwa wanadamu waliosimama katikati, na wengine tunawajua. Semeni kwamba kuna sababu ambazo hata ninyi hamzijui. Na msimtangazie mfiwa hukumu ambayo hamkuipima. Kitabu cha Ayubu kimelimaliza jambo hili zamani: rafiki zake Elifazi, Bildadi na Sofari walimtetea Mungu sura baada ya sura, wakamwambia Ayubu kosa ni lake, na mwishoni, sura ya 42, Mungu anawakasirikia hao waliomtetea na kusema kwamba aliyenena sawasawa ni Ayubu aliyelalamika. Kazi yao njema iko sura ya 2: walikaa naye chini, siku saba mchana na usiku, bila mtu kusema neno. Walianza kukosa walipofungua kinywa. Anayetaka kumsaidia mjane wa mawese aanzie kwenye hizo siku saba.