Polepole ya Nani?

Kiswahili kina methali mbili ambazo haziwezi kulala chumba kimoja. Ya kwanza inasema haraka haraka haina baraka. Ya pili inasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Tulifundishwa zote mbili shuleni, na hakuna mwalimu aliyetuambia tushike ipi siku zikigombana. Nilizitafuna kwa siku tisa nikiwa likizo mkoani Kigoma, na nimerudi na swali ambalo naona methali zote mbili zinalikwepa: hiyo polepole ni ya nani?

Likizo yenyewe ilikuwa ya kivivu kwa makusudi. Mimi na shemeji yangu tulichukua Noah kuukuu, tukalaza viti vya nyuma, tukatandika godoro, tukapakia jiko la gesi na madumu mawili ya maji. Hatukupanga tulale wapi. Tukipapenda mahali tunasimama. Jua likiwa kali tunatafuta mwembe. Tuliuvuka mto Malagarasi, tukapita Uvinza kwenye chumvi, tukateremka hadi Kigoma mjini, kisha Ujiji, tukaishia ufukweni mwa Ziwa Tanganyika na migebuka ya kuchoma. Kwa kweli ilikuwa raha. Sijutii hata siku moja, na insha hii si toba.

Ila njia ile ina wenyewe. Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, huku ndiko ilikopita misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakaingia Ujiji Februari 1858. Sisi wasomaji tunawajua hao kwa sababu waliandika. Waliobeba mizigo yao hawakuandika, nao ndio walioijua njia. Mzigo wa mpagazi mara nyingi ulikaribia frasila mbili, yaani kilo thelathini na ushee, begani, siku baada ya siku.

Hapa inabidi tutenganishe watu, maana tumezoea kuwachanganya. Wapagazi wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu wa kuajiriwa. Walipatana ujira na posho, na wakiona wanaonewa walitua mizigo chini na kugoma. Msafara mzima ungesimama, tajiri akakasirika weee, mwisho akakaa chini kuzungumza. Kwa hiyo mpagazi alikuwa na kipande chake cha polepole. Aliyefungwa mnyororo hakuwa nacho. Huyo alikwenda kwa mwendo wa mwenzake wa mbele, na neno "nimechoka" kinywani mwake lilikuwa hatari. Wote wawili walikanyaga udongo uleule na kuvuka mto uleule. Ukiwatazama kwa mbali ungesema ni msafara mmoja, lakini ndani yake mlikuwa na safari mbili.

Mwandishi aliyenionyesha jambo hili vizuri ni Abdulrazak Gurnah katika Paradise ya 1994, ambayo Ida Hadjivayanis ameitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Yusuf ni kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, naye anaingia bara na msafara wa tajiri anayemmiliki. Anaona milima, anaona maji, anaona nchi nzuri ajabu. Macho yake ni ya mtalii, miguu yake ni ya mateka. Uzuri haumwepuki, ila haubadilishi chochote kuhusu nani anaamua wapi watalala kesho. Nikiwa nimekaa Ujiji, karibu na mnara wa kukumbuka Stanley alivyomkuta Livingstone mwaka 1871, nilimuwaza Yusuf kuliko nilivyowawaza wazee hao wawili.

Usidhani haya yalikwisha na karne ya kumi na tisa. Kuna meli ya Liemba, iliyoanza kama Graf von Götzen ya Wajerumani mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, ikaibuliwa na Waingereza na kurudi kazini 1927. Wageni wametoka mbali kuja kuipanda kwa sababu ni nzee na haina haraka. Mwezi Mei 2015 meli hiyohiyo iliwachukua wakimbizi wa Burundi waliokuwa wamerundikana kwa maelfu katika kijiji kidogo cha Kagunga, kipindupindu kikiwa kimeshaingia, ikawaleta Kigoma kwa awamu. Mwendo wa meli ulikuwa uleule, na milima ya mwambao ilikuwa ileile. Nani kati ya wakimbizi wale angeniambia kwamba polepole ni falsafa ya maisha?

Basi siku ya saba tulikuwa Kibirizi, pale maboti ya kwenda vijiji vya kaskazini yanapopakia. Tulitaka kuzungushwa ziwani nusu siku, tukitazama vilima. Mwenye boti alitutajia bei, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Mkitoa kidogo juu, naondoka na nyinyi wawili tu, sasa hivi." Pembeni walikaa akina mama na magunia na vikapu, wengine tangu alfajiri, wakisubiri boti hiyohiyo ijae.

Shemeji alikuwa tayari kulipa. "Shem, tumekuja kupumzika," akasema. "Ukianza kuhesabu nani aliteseka wapi, hutapumzika popote. Kila njia ina makaburi."

Mama mmoja aliyekuwa karibu alisikia. Hakulalamika. Alisema tu, "Nendeni wanangu, sisi tumezoea kungoja."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonikalia kooni. Tulikubaliana na mwenye boti tuende na abiria wote, tukateremka nao kijiji kwa kijiji, na mzunguko wa nusu siku ukawa wa kutwa. Sisimulii ili nisifiwe. Gharama yake kwetu ilikuwa ndogo mno. Na hoja ya shemeji haikuwa ya kijinga. Ni kweli kila njia ina makaburi, na huzuni ya mtalii haimfufui mtu. Ningekaa ndani ya Noah nikilia tangu Uvinza, nani angenufaika?

Lakini hoja yake inajibu swali jingine. Inajibu kama tuna haki ya kufurahi, na mimi nasema tunayo. Swali lililobaki ni kama furaha yangu inakula muda wa mtu mwingine. Aliyekufa njiani mwaka 1860 siwezi kumrudishia saa hata moja. Mama wa Kibirizi nilikuwa naweza kumwibia saa tano, kihalali kabisa, kwa noti chache, na yeye mwenyewe angenibariki.

Nadhani hapo ndipo methali zetu mbili zinapopatana. Haraka haraka haina baraka ni maneno ya mtu mwenye uwezo wa kuharakisha na akaamua kutulia. Ngoja ngoja huumiza matumbo ni maneno ya mtu ambaye hakuulizwa. Kutulia ni mali, kama fedha, na mali huulizwa ilikotoka. Ukiwa na muda mwingi mahali ambapo wengine wanangoja, chunguza kidogo kabla hujautumia: huenda sehemu yake imetoka mfukoni mwa jirani.

Kwa hiyo nenda Kigoma, tena usiende mbio. Lala Uvinza, kula migebuka, kaa chini ya miembe ya Ujiji mpaka kivuli kihame. Boti ikiwa na nafasi, uliza kwanza ni nani aliyefika kabla yako.