Mashine ya Pumzi na Wajibu wa Fundi

Katika mitaa ya Mchafukoge na Kariakoo ni vigumu kuona kitu kisicho na bei. Kitambaa, msumari, taa, vyote hupatanwa dukani. Lakini mtu anayekosa pumzi hana nafasi ya kupatana. Kwa hiyo swali hili latupasa sisi sote: aliyegundua njia ya kumsaidia mgonjwa apumue, je, ana haki ya kuificha mpaka alipwe?

Swali hilo si geni. Mwaka 1937 Edward Both wa Australia aliunda kwa plaiwudi sanduku la kuwapumulisha wagonjwa wa polio, maana masanduku ya chuma yalikuwa ghali mno. Mwaka 1938 Lord Nuffield, mwenye kiwanda cha magari Uingereza, aliahidi kuyatengeneza na kuyagawa bure kwa hospitali za dola nzima ya Kiingereza. Mwaka 2020, korona ilipoenea, wataalamu wa chuo cha MIT, Marekani, walitangaza bure mchoro wa mashine ya kubinya ule mfuko wa hewa ambao kwa kawaida hubinywa kwa mkono. Chuo Kikuu cha Kenyatta kikaunda Tiba-Vent, na Makerere pamoja na Kiira Motors wakaunda Bulamu.

Wako wasemao: mgunduzi naye hula, akinyimwa malipo, kesho hatagundua. Neno hilo lina haki yake, maana mfanyakazi astahili ujira. Lakini kudai ujira ni jambo moja, na kufunga mlango ni jingine. Mwenye kisima aweza kudai gharama ya kamba na ndoo. Hawezi kumwacha jirani afe kwa kiu kando ya maji. Tena mchoro, tofauti na maji, haupungui kwa kugawanywa.

Hata hivyo tujihadhari na kosa la pili, livaalo nguo za huruma, la kudhani kwamba kwa maskini chochote chafaa. Sivyo! Mashine isukumayo hewa kupita kiasi hujeruhi mapafu. Isiyo na king'ora yaweza kusimama usiku pasipo muuguzi kujua. Fundi hodari wa Gerezani aweza kuliunda umbo lake, lakini isipopimwa, sadaka yake yaweza kuua. Hapo ndipo mchoro ulio wazi unapofaa zaidi: wengi huuchungua na kuonyesha kosa. Aufichaye ataka aaminiwe tu. Auonyeshaye akubali kusahihishwa.

Wala tusiwasahau wahudumu. Mwaka 1952, mjini Copenhagen, wagonjwa wa polio walipozidi mashine, wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walishika zamu usiku na mchana wakibinya mifuko ya hewa kwa mikono, na wengi waliodhaniwa watakufa wakaishi. Hata leo mashine bila oksijeni, umeme na muuguzi aliyefunzwa ni pambo la wodini.

Basi, wazazi, mkimwona kijana mwenye kipawa cha ufundi, msimfundishe bei tu. Mfundisheni ajiulize mambo mawili kabla ya kuitoa kazi yake: Je, ningekubali mama yangu apumulishwe na mashine hii? Na mama wa jirani, asiye na fedha, ataipata kwa njia gani?