Kusanya Vipande Vyako (Yn 6:12)

Kijana mwenzangu, mwaka 1942 huko Gee's Bend, Alabama, Marekani, mjane Missouri Pettway alizichukua nguo za kazi za marehemu mumewe, akazikata, akashona blanketi la viraka. Alitaka kumkumbuka mumewe na kujifunika upendo wake. Hakungoja kitambaa kipya.

Yesu naye, watu walipokwisha kushiba, aliagiza mabaki yakusanywe, yasipotee.

Wewe je? Umefiwa? Umefeli? Umeachwa, unaona maisha yamebaki matambara tu? Usiyatupe, rafiki. Mpelekee Yesu hivyo hivyo yalivyo, kwenye sala na kwenye kitubio. Fundi huyu hachagui kiraka.

Tusali: Bwana, pokea vipande vyangu, uvishone, nami nimfunike mwenye baridi. Amina.