Mzunguko ni wa Nani?

Anayeanzisha mpira anaukata kwa chini, kifundo cha mkono kikicheza kama cha mtu anayepepeta mchele. Mpira wa meza wenyewe ni kitu kidogo, plastiki ya milimita 40, lakini unavuka wavu ukizunguka kinyumenyume kwa kasi, na mwenye raba ya kawaida ya kunata akiugusa bila hadhari unazama wavuni. Mpinzani wa leo ana raba ya vipele virefu. Anaukinga tu kwa raketi na kuusukuma taratibu, karibu bila kufanya lolote. Aliyeanzisha anauona umesukumwa, anadhani unarudi na mzunguko wa nyuma, anaunyanyua. Unaruka nje ya meza kama panzi.

Nani amemdanganya?

Raba ya kunata huushika mpira na kuulazimisha uzunguke upya, kwa matakwa ya mpigaji. Vipele virefu hupinda vinapoguswa, mpira ukateleza juu ya ncha zake, na sehemu kubwa ya mzunguko haifutwi. Mpira unaendelea kuzunguka upande uleule, ila sasa unasafiri kurudi ulikotoka. Kwa hiyo mzunguko wa nyuma humrudia mwenyewe ukiwa wa mbele, na wa mbele ukiwa wa nyuma. Aliyetuma mpira usiozunguka hurudishiwa mpira usiozunguka. Anayepokea sevu, yaani mpira wa kuanzisha, kwa raba hii hana haja ya kuusoma mzunguko kwa ukamilifu. Anayepaswa kuukumbuka ni yule aliyeutuma.

Wapo wachezaji wanaouona uchezaji huu kuwa utapeli mtupu. Mtakatifu Agostino, aliyeandika kitabu kizima kuhusu uongo mwishoni mwa karne ya 4, aliuweka uongo katika nia ya moyo: mtu kuwa na hili moyoni na kutoa lile kwa kusudi la kuhadaa. Mwenye vipele anataka mpinzani akosee, hilo halina ubishi. Lakini ametoa nini ambacho si kweli? Kilichovuka wavu ni mzunguko wa mpinzani mwenyewe. Tena aliyeanza kuficha ni mwenye sevu, aliyekichezesha kifundo chake ili asisomeke. Mchimba kisima huingia mwenyewe, wahenga walisema, ingawa hawakusema lolote kuhusu mtu aliyekifunika kisima kwa majani.

Na hapo ndipo penye kesi. Mwenye vipele akijitetea kwamba yeye hakufanya kitu, ni mzunguko wa mwenzake tu, utetezi wake haufiki mbali. Aristotle alikubali kwamba mtu aliyebebwa na upepo hakutenda kwa hiari, maana chanzo kiko nje yake. Huyu hakubebwa na upepo. Aliichagua raba, akainunua, akaibandika kwa gundi. Swali la haki ni kama mpinzani alijua.

Katika Hadithi iliyopokewa na Imam Muslim, Mtume Muhammad alipita penye lundo la nafaka sokoni, akaingiza mkono, vidole vikalowa. Muuzaji akaeleza kwamba nafaka ilinyeshewa na mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, na akakemea ghushi. Hakumwambia aitupe. Kosa halikuwa unyevu. Lilikuwa mahali unyevu ulipokaa.

Wasimamizi wa mpira wa meza walifika penye hukumu hiyohiyo kwa njia yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa halali kubandika raba ya kunata upande mmoja na raba isiyoshika upande wa pili, zote za rangi moja, kisha kuigeuza raketi mkononi katikati ya pointi. Wapinzani walibaki kutega sikio, maana raba hizo hazilii sawa, na wapo walioanzisha mpira huku wakikanyaga sakafu kwa kishindo ili mlio usisikike. Baada ya mashindano ya dunia ya Tokyo mwaka 1983, sheria ikadai pande mbili zitofautiane kwa rangi. Kufikia 1986 zikawa nyekundu na nyeusi. Vipele havikupigwa marufuku. Viliwekwa juu ya lundo.

Navyo havikufa. Deng Yaping, mwenye urefu wa sentimita 150 tu, alitwaa dhahabu nne za Olimpiki mwaka 1992 na 1996 akiwa na vipele upande wa nyuma wa mkono, rangi ikionekana na kila mtu.

Mwaka 2008 Shirikisho la Kimataifa la mchezo huo likaenda mbali zaidi, likaweka kiwango cha chini cha msuguano na kuziondoa raba zilizoteleza kabisa. Hapa hoja ya haki haisimami. Mpinzani alizijua, aliziona, alizigusa. Nafaka iliyolowa ilikuwa juu, na bado muuzaji akafukuzwa sokoni. Labda mchezaji asiyeongeza chochote kwenye mpira hachezi kweli. Lakini hilo ni swali la mchezo ni nini, na lilijibiwa kwa mapendeleo. Kuliita suala la uaminifu ni kuwaonea wachezaji wale.

Mchezaji Ni Xialian alikuwemo Tokyo 1983, akiichezea China, na aliondoka bingwa wa dunia. Mwaka 2024 mjini Paris, akiwa na miaka 61 na akiiwakilisha Luxembourg, alishinda mechi yake ya kwanza ya Olimpiki hiyo kwa vipele virefu, kisha akafungwa seti 4 kwa bila na Sun Yingsha, namba moja wa dunia wakati huo. Kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, sheria ilimpa Sun haki ya kuishika raketi ile na kuitazama pande zote mbili.